Mwalimu Aliyezifunika Mashine Zikiwaka

Kitu cha kwanza alichotufunza Mwalimu wa Kompyuta kilikuwa kuvua viatu. Kabla ya kibodi, kabla ya kipanya, kabla hata ya kutuonyesha mashine huwashiwa wapi, alitupanga nje ya mlango, akatuambia tuvue viatu, tuvikung'ute, tuvipange ukutani visigino vikiangalia nje. Halafu akatukagua soksi. Aliyekuwa na soksi yenye tundu aliingia. Aliyekuwa na soksi yenye vumbi alirudishwa bombani. Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya kutwa hapo Kajiado mjini, na nilidhani huo ndio utaalamu wenyewe. Jioni nilimwambia Baba kwamba kompyuta ni kitu kitakatifu.

Nitasema mapema, msomaji asije akachekeshwa na soksi akadhani namsimulia babu mpole: yule mtu alinikosesha maisha niliyoyataka. Nilimheshimu miaka kadhaa na nimemchukia miaka mingi zaidi. Kwao hasa ni wapi na alizaliwa lini sikuuliza. Watu walisema alitoka upande wa Murang'a akiwa kijana, akapapenda Kajiado kwa sababu ardhi ilikuwa wazi na watu hawakuwa wengi wa kumwuliza maswali. Hayo yanatosha.

Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani ya shule. Wafadhili walipoleta kompyuta, kikapakwa rangi, kikatiwa grili mlangoni na madirishani, na yeye, aliyekuwa mwalimu wa kilimo, akapelekwa kozi fupi Nairobi, akarudi na cheti na funguo. Funguo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mwalimu mkuu mwenyewe akitaka kuchapisha barua alibisha hodi, na alivua viatu kama sisi. Hilo tulilipenda sana, kumwona mwalimu mkuu akinyata na soksi zake.

Baadaye aliletwa mwalimu kijana aliyesomea kompyuta chuo kikuu. Akapewa hisabati. Aliwahi kuingia kile chumba mara moja, akasema, "Mzee, hapa ndani kuna joto, tufungue dirisha." Dirisha halikufunguliwa, na yule kijana hatukumwona tena humo. Mwalimu wa Kompyuta alikuwa akisema darasani, bila kuulizwa, kwamba digrii ni karatasi lakini funguo ni chuma.

Kajiado ina vumbi, nani asiyejua. Kiangazi kikishika, malori ya Namanga hulitimua upande mmoja, na siku ya soko ng'ombe wanaopitishwa kando ya ua wa shule hulitimua upande wa pili. Mwalimu alipigana nalo kana kwamba lilikuwa limemtukania mama. Madirisha aliyafunga, akaziba nyufa zake kwa selotepu pana ya kahawia. Wasichana wa upishi na ushonaji wakapewa kazi ya kushona vifuniko kwa kile kitambaa cha maruni cha sketi zetu: kimoja cha skrini, kimoja cha kibodi, na kimoja kirefu cha lile sanduku la chini ambalo ndani yake ndimo kompyuta yenyewe ilimo. Kengele ya mapumziko ikilia hatukuzima mashine, kwa maana aliamini kuwashwa na kuzimwa ndiko kunakoziua. Tulizifunika zikiendelea kufanya kazi. Tukirudi, kifuniko kilikuwa moto kama shati lililotoka kupigwa pasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini.

Na maji. Mwaka wa ukame tuliambiwa kila mmoja aje na maji kutoka nyumbani, na sehemu kubwa ikanyunyizwa nje ya chumba cha kompyuta ili vumbi lilale. Naserian, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa akitoka mbali, na mama yake aliyafuata maji hayo na punda. Siku moja alisimama akiyatazama yakimwagwa mchangani.

"Ng'ombe zetu zinakufa," akaniambia, "na hii nyumba ya mashine inaogeshwa."

Alinong'ona. Mbele ya Mwalimu wa Kompyuta hakuna aliyepaza sauti isipokuwa yeye mwenyewe.

Sauti hiyo! Alisalimia watu kana kwamba wako ng'ambo ya korongo. Naserian akimwamkia "Sopa, Mwalimu," kwa adabu ya kwao Umaasaini, yeye aliitikia "Epa!" mpaka mbuzi wa mlinzi wakaruka. Kanisani alipoombwa kufunga kwa sala, watoto wachanga waliamka. Wageni walimdhania mkali. Sisi tulijua chanzo. Mashine zile zilikuwa zimeanza kunguruma zote, kila moja kwa namna yake, na badala ya kuzitafutia dawa yeye alipandisha sauti yake juu ya sauti zao, mwaka baada ya mwaka, mpaka akasahau kuishusha akitoka nje.

Kinachonguruma ndani ya kompyuta ni feni. Kuna feni ndogo inayopuliza juu ya chuma chenye mapezi, na chuma hicho hunyonya joto la ile chipu inayofikiri. Vumbi likijaa kwenye mapezi, joto halitoki. Feni inazunguka kwa nguvu zaidi ili kulitafutia njia, vumbi linaiingia yenyewe, inakuwa nzito, inapiga kelele, halafu siku moja inasimama. Dawa yake ni kuzima, kufungua kifuniko cha pembeni kwa bisibisi, kutoa vumbi kwa brashi laini au blowa huku umeishika feni isizunguke ovyo, na kuiacha mashine mahali inapopata hewa. Feni ikiwa imechakaa, unanunua nyingine. Ni kazi ya mtu kunywa chai na kumaliza. Haya yote sikuyajua wakati ule, na ndiyo maana hata leo nikiyaeleza sauti yangu hubadilika.

Mwalimu alikuwa na falsafa yake. "Mashine ni mgeni," alisema. "Mgeni unampa kiti, unampa kivuli, unamlinda. Humfunui nguo uone amekonda kiasi gani." Nyuma ya kila sanduku kulikuwa na kibandiko cha wafadhili kilichopita juu ya ungio, na kwake kibandiko hicho kilikuwa na nguvu kuliko sheria ya nchi. Akikohoa mgeni, alisema, unamwonea huruma, humpasui. Tulicheka. Alijua kuchekesha, hilo simnyimi.

Mashine yangu ilikuwa ile ya kona, karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Tulipofika kidato cha nne kila mtu alipewa mashine yake moja ya kufanyia mradi wa mtihani, na huruhusiwi kuhama. Mradi ulikuwa kazi ya miezi: unatengeneza mfumo wako mwenyewe, unaujaribu, unauwasilisha, na alama zake ni nyingi kiasi kwamba bila huo hata ukijua maswali yote ya karatasi huendi popote. Mimi nilitengeneza mfumo wa soko la mifugo, wa kuonyesha ng'ombe gani ameingia, wa nani, ana chanjo gani. Naserian alinipa majina ya rangi za ng'ombe kwa Kimaa, nikayaingiza yote. Sijawahi kupenda kazi ya mikono yangu kama nilivyopenda ile. Nilitaka kuwa mhandisi, na mara ya kwanza nilihisi si maneno tu ya kumjibia mgeni anayeuliza ukiwa mkubwa utafanya nini.

Mashine ile ilianza kwa kuvuma kama nyuki. Baada ya muda ilikuwa inasaga. Darasa zima likaibatiza Posho Mill, na kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Nekesa, unga iko?" Nilicheka nao mwanzoni. Kisha ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi.

"Mwalimu, hii mashine yangu iko na shida," nilimwambia. "Inashika moto halafu inajizima."

"Umekuwa ukiifunika?"

"Naifunika, Mwalimu."

"Basi ni homa tu. Itapita."

Na akaitibu homa kweli. Alileta kitambaa, akakilowesha maji baridi, akakikamua, akakitandika juu ya lile sanduku jinsi mama anavyomtandikia mtoto kipajini. Alisimama hapo mkono wake juu yake, uso umejaa huruma. Siku nyingine alilipiga kofi. Siku nyingine aliliinua kwa tofali upande mmoja, kelele ikapungua kidogo, akageukia darasa akasema, "Mnaona? Alikuwa amelalia ubavu mbaya." Nilitamani kuamini. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mtu pekee mwenye funguo alikuwa ananiambia itapita.

Ningeweza kuhifadhi kazi yangu pembeni, utaniambia. Kwa flashi? Flashi zilikuwa haramu kuliko viatu. "Flashi ni kijiko cha hotelini," alisema, "hujui kimetoka mdomo wa nani." Kisa ni virusi vilivyowahi kuingia mwaka mmoja kupitia flashi ya mwalimu mkuu, na tangu hapo alitupekua mifuko mlangoni. Kuchapisha kulikuwa kwa mwisho wa muhula, wino ukiwepo. Kwa hiyo soko langu la mifugo lilikaa mahali pamoja tu duniani, ndani ya lile sanduku la moto, chini ya kitambaa cha sketi.

Sasa nikuambie jambo linalofanya chuki yangu iwe na kazi ngumu. Alikuwa mwema. Mwaka ule wa ukame, Naserian alipoacha kuja shule kwa sababu kwao hakukuwa kumebaki kitu cha kuuza, Mwalimu alipanda pikipiki yake akaenda mpaka bomani kwao, akakaa na baba yake siku nzima, akarudi naye. Chakula chake cha mchana Naserian alikila nyumbani kwa Mwalimu mpaka tukamaliza kidato cha nne, na hakuna siku mtu yule alisimama mbele ya watu kulitaja. Sweta yake ya kijivu ilivaliwa na wasichana wengi kuliko yeye. Msichana akilia nyuma ya choo, yeye aliyekuwa kiziwi kwa kelele za mashine alimsikia. Mama yangu alipolazwa, alikuwa mtu wa kwanza kubisha mlangoni kwetu na mkungu wa ndizi. Na Baba alipofariki, miaka mingi baada ya mimi kumaliza shule, alikuja kwetu kila jioni ya mikutano ya mazishi kabla hatujamsafirisha Baba kwenda Bungoma. Alikaa kwenye viti vya plastiki, akaimba na watu. Jioni ya mwisho alisimama na ile sauti yake, akasema Baba alikuwa mtu aliyependa ukweli.

Angekuwa mtu mbaya ningemsahau zamani.

Baba alikuwa karani katika ofisi za serikali hapo Kajiado, mtu wa kunyamaza, mtu wa kukunja shati mara mbili kabla ya kulitia kabatini. Nilipomweleza kuhusu mashine, aliniuliza tu siku ya wazazi ni lini. Siku hiyo alikuja na fundi wa kompyuta wa ofisini kwao, kijana mwenye mkoba mdogo wa vifaa, ambaye alikubali kuja bure kwa heshima ya Baba. Mwalimu aliwapokea vizuri mno. Aliwaitia chai, akauliza habari za nyumbani, akamsifu Baba kwa binti mwenye akili. Wakavua viatu, wakaingia. Fundi akasikiliza mashine yangu kidogo tu.

"Hii ni vumbi imejaa kwa feni, Mwalimu," akasema. "Niruhusu nifungue side moja tu. Nikitoa hiyo vumbi itanyamaza saa hii hii."

"Asante, kijana. Hapana."

"Haitaharibika. Hizi ndio kazi tunafanya kila siku."

"Za ofisi yenu mnafungua. Hizi ni za watu." Akamgeukia Baba akicheka. "Mzee, wewe ni mtu wa magharibi, mnajua mgeni. Mgeni akija kwako unaanza kumfungua vifungo?"

Baba alicheka kwa adabu. Akasema, kwa upole wake, "Mwalimu, lakini mtoto iko na mtihani."

"Na mimi ndio nimembeba huyo mtoto," akasema Mwalimu, mkono wake begani kwangu. "Hakuna kitu itaharibika hapa nikiwa na macho. Kunyweni chai."

Wakanywa chai. Baba hakuwa mtu wa kushindana na mwalimu wa mtoto wake, kwetu hilo halifanywi, na nilimwona akimwonyesha fundi kwa macho afunge mkoba. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Ilikufa kabla hatujafunga muhula wa pili, ikiwa imebaki wiki chache niwasilishe. Alasiri ya joto, madirisha yameziba, mashine zote zinanguruma. Nilikuwa nahifadhi kazi. Yangu ikapandisha sauti, ikakwaruza, halafu ikanyamaza. Kimya chenyewe ndicho kilichowageuza wenzangu vichwa. Kukanuka plastiki. Skrini ikawa nyeusi, na tulipoiwasha tena ikaleta maandishi meupe ya kusema haikupata chochote cha kuanzia: diski iliyobeba kazi yangu ilikuwa imeungua kwa joto. Tukaiwasha tena na tena. Mwalimu aliyasoma yale maandishi midomo ikicheza, akaizima, akachukua kifuniko, akaivisha polepole.

"Iache ipumzike," akasema.

Nililia pale pale mbele yake. Hakunifukuza. Alinipa kitambaa chake cha mfukoni, na nakumbuka kilikuwa safi na kilinukia sabuni ya kufulia.

Kesho yake, paredi ya asubuhi, akaomba nafasi ya kusema. Alisema mali ya shule imeharibika. Alisema mashine hizi zimelindwa kwa jasho, na kwamba kuna watu, hatataja jina, wenye mikono ya haraka, wanaozima mashine kwa hasira wakiona inachelewa, wanaochomoa waya. "Wewe unajijua," akasema. "Na Mungu anakujua." Hakutaja jina. Hakuhitaji. Shule nzima ilikuwa imekwisha kugeuka kuniangalia, na mwalimu mkuu akaandika kitu.

Sikuwa nimechomoa waya wowote. Nilisimama pale jua linanichoma shingoni, nikiwa na hakika kwamba angejua ukweli asingesema vile. Hilo ndilo lililonishikilia. Nilijiambia: hajui. Hajawahi kuona ndani ya kompyuta maisha yake yote, anaamini kweli kwamba ni mimi. Naserian alinishika mkono akaniambia kwa sikio, "Huyu mzee anapenda hizo vitu kuliko watu. Wacha tu." Niliandika upya kwenye karatasi nilichoweza kukumbuka, kikapelekwa vile kilivyokuwa, kurasa chache za maelezo ya kitu ambacho hakipo. Alama zilikuja kama zilivyokuja. Uhandisi ukaenda na wenyewe.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa jioni ile ya paredi. Habari ilikuwa imefika ofisini kwa Baba kabla ya mimi kufika nyumbani, Kajiado ni ndogo. Alikuwa ameketi nje anaondoa mawe kwenye mchele, kazi ambayo tangu Mama augue alikuwa ameichukua. Hakuinua macho.

"Nekesa," akasema, "na hukuizima vibaya? Hata mara moja?"

Mtu aliyekuwa amesimama pale na fundi wake, aliyesikia kwa masikio yake kwamba ni vumbi. Hata yeye. Neno la mwalimu lilikuwa na uzito wa namna hiyo kwake. Nilimwambia hapana, Baba. Akasema, "Sawa, mama." Hatukulizungumza tena, na kila nilipomtembelea miaka iliyofuata, kila alipoangalia taarifa za watoto wa watu waliohitimu, nililiona lile swali limekaa kati yetu. Alikufa nalo. Nilichotaka kwa Mwalimu wa Kompyuta, tangu siku hiyo, hakikuwa alama wala shule. Nilitaka aje kwetu aseme kwa ile sauti yake kubwa kwamba nilikosewa. Kutoka shuleni mpaka nyumbani kwetu kulikuwa kutembea tu.

Siku hizi nakaa Kitengela. Nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, pale kwenye barabara ya Namanga ambapo kila jengo la pili linauza mabati au milango. Nilisomea biashara, kozi iliyonipokea. Nakaa kaunta na kompyuta ya mezani, nyuma yangu mifuko ya simiti inashushwa toka asubuhi. Vumbi la simiti ni baya kuliko la barabarani, likipata unyevu linaganda. Bosi alitaka tuifunike kompyuta kwa karatasi ya nailoni. Nilimwambia akiifunika naacha kazi. Alidhani natania.

Mwezi uliopita niliisikia sauti kabla sijainua kichwa. Ilikuwa inamwuliza mlinzi wa mlangoni kama hapa wanauza rangi, na nusu ya barabara iliulizwa pamoja naye. Amezeeka. Mabega yameshuka, kofia ya sufu kichwani, fimbo mkononi. Amestaafu, akaniambia baadaye, anamalizia nyumba yake huku Kitengela karibu na binti yake. Alinitazama, akasogea, akanitazama tena.

"Nekesa wa Mzee!" Akafurahi kweli. Akauliza kuhusu Mama, akauliza kama nina watoto, akaniambia Naserian ni nesi sasa na humpigia simu kila sikukuu. Alitaka rangi ya krimu, ya sebuleni. Nilianza kumwandikia. Yeye alikuwa ameinama kwenye kaunta, sikio upande wa kompyuta yangu.

"Hii yenu haingurumi," akasema.

"Haingurumi, Mwalimu. Naifungua kila mwezi natoa vumbi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Vizuri sana. Hiyo ndio dawa yake." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, mtu anayekubaliana na mwenzake wa kazi. "Hata ile yako ya shule. Siku ile niliifungua nilitoa vumbi, wewe, unaweza panda maharagwe! Feni ilikuwa imeshikana kabisa. Hata haizunguki."

Akacheka. Mimi kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Uliifungua lini, Mwalimu?"

"Ile holide ya Agosti. Watu wakienda nyumbani mimi nikajifungia ndani na kisu ya jikoni. Nikaona, aii, kumbe huyu msichana hakuwa na makosa."

Alisema hivyo. Huyu msichana hakuwa na makosa. Maneno yote niliyokuwa nimeyangoja, yakatoka kwa wepesi, mbele ya mlinzi na mteja mmoja wa misumari.

"Na ulimwambia nani?"

"Nani?" Aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Nekesa, ningeambia nani? Mambo yalikuwa yashapita. Na Prinsipo alikuwa anatafuta tu sababu anipokonye ile chumba apatie yule kijana wa digrii. Ningesema, ningebaki na nini? Nirudi kufunza watu kupanda sukuma?"

Kwa miaka mingi nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia siku tukikutana. Nilikuwa nayo mazuri, makali, mengine nimeyarudia nikipika, nikioga, nikingoja usingizi. Yote yalikuwa ya kuambiwa mtu asiyejua. Nilikuwa nimeusamehe ujinga wake kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, kwa sababu mjinga unaweza kumsamehe. Huyu aliyesimama mbele yangu sikuwa na maneno yake. Alijua tangu Agosti. Alijua nilipoingia chumba cha mtihani, alijua matokeo yalipobandikwa. Alikaa kwetu jioni zote zile, chai yetu mkononi, Baba amelala mochari, na alijua.

"Baba aliniuliza," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Aliniuliza kama ni mimi."

"Nini?" Akaweka mkono sikioni. "Ongea, masikio yangu yaliharibika kwa zile feni."

Nikaiweka kalamu chini.

"Usiweke kwa roho," akasema, akinipigapiga mkono juu ya kaunta. "Mungu alikuwa na mpango wake. Si uko kazi? Uko na afya? Wengine hawana hata hiyo." Akaangalia huku na huku dukani, ameridhika na nilipofikia. "Sasa ile krimu iko, ama nijaribu kwa jirani?"

"Iko," nikasema. "Ngoja nikuletee."

Nikaingia stoo, nikasimama humo. Alianza kuniita, mara moja, halafu mara nyingine, jina langu likijaa duka zima. Makopo ya krimu yalikuwa yamepangwa mbele yangu mpaka kwenye mabati. Nikatoka mikono mitupu.

"Imeisha, Mwalimu," nikamwambia. "Jaribu kwa jirani."